Sumu katika Ziwa Mbungo

Perege, ningu na kambale walielea matumbo juu kuanzia dikoni mpaka yanapoanzia matete, na upepo wa asubuhi ulizidi kuwasukuma ufukweni. Sajenti Elinipendo Mshana wa kituo cha polisi Kibiti alisimama pale dikoni, mitumbwi inapoegeshwa, kitambaa puani, akawatazama. Kisha macho yake yakahamia kwenye matope, ambako yangeyange kadhaa walikuwa wamelala mbawa wazi.

"Silvesta," alimwita konstebo wake. "Wale ndege watie kwenye mfuko. Usiwaguse kwa mkono mtupu."

"Ndege, afande? Si tumeitwa kwa ajili ya samaki?"

"Watie kwenye mfuko."

Abdalah, mtendaji wa kijiji, alikuwa amevaa suruali yake ya mikutano na viatu vilivyong'arishwa. Siku hiyo alitarajia mgeni mwingine kabisa. Alasiri Bwana Samaki, yaani ofisa uvuvi wa wilaya, angefika kutoka Utete kukusanya maoni ya wananchi juu ya Ziwa Mbungo. Serikali ilitaka kujua kama ziwa likodishwe kwa mwekezaji wa Dar es Salaam, aliyeahidi nyavu kubwa na mashine ya barafu, au libaki mikononi mwa wavuvi wa mshipi waliolivua tangu enzi za babu zao.

"Sasa wenyewe wamejimaliza," alisema Abdalah. "Wameona ziwa linawaponyoka, wakaona bora wote tukose. Mhalifu tunaye, afande. Huseni Mketo, msemaji wao. Yuko ofisini kwangu na mgambo. Na hao wenzake wa mshipi nimewaambia wasikanyage mkutanoni."

"Mlimkamataje?"

"Gunia la utupa limekutwa ndani ya mtumbwi wake."

"Nani aliliona?"

"Muhidini, wakala wa mwekezaji. Kijana wa hapahapa, zamani naye alikuwa mvuvi wa mshipi. Alipita alfajiri akakuta samaki wanaelea. Kuchungulia mtumbwi wa Huseni, hilo hapo."

Elinipendo aliinama kwenye mtumbwi. Gunia lilikuwa kwenye tezi, nyuma kabisa ya mtumbwi, limefungwa kwa kamba ya ukindu. Alilifungua. Ndani mlikuwa na majani ya utupa yaliyopondwapondwa, na harufu yake ilimpanda puani. Aliingiza mkono mpaka chini, akautoa, akauangalia. Halafu akaligeuza gunia lote na kulipapasa kitako chake.

"Bwana Abdalah, hapa watu hutumiaje utupa?"

"Ni marufuku, afande."

"Najua ni marufuku. Wanaovunja marufuku hufanyaje?"

Abdalah alikohoa. "Huponda majani, hutia guniani, kisha hulisukasuka gunia majini mpaka utomvu utoke. Samaki hulewa, huelea, huokotwa."

"Basi gunia hili halijaingia majini. Ni kavu kama lililotoka dukani."

"Labda alikuwa na mengine."

"Labda," alisema Elinipendo, akalifunga gunia kama lilivyokuwa.

*

Huseni Mketo alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji, mikono imefungwa kwa kamba mbele. Alikuwa mtu mwembamba wa umri wa kati, mwenye makovu ya mshipi kwenye vidole vya shahada. Elinipendo alimwamuru mgambo amfungue kamba na akae nje.

"Gunia ni lako?"

"Si langu, afande."

"Utupa unaujua?"

"Nani asiyeujua? Umeota mpaka nyuma ya choo cha shule."

"Jana ulivua?"

"Sikuvua. Jana tulikaa sisi watu wa mshipi tukapanga maneno ya kumwambia Bwana Samaki. Tulianza baada ya alasiri pale kwa Bi Mwanajuma, tukaswali magharibi, tukaendelea mpaka isha. Mtumbwi sikuugusa. Waulize."

"Una ugomvi na Muhidini?"

"Tulivua kwa mtumbwi mmoja miaka mingi. Alipochukua kazi ya mwekezaji tuliacha kutembeleana. Ugomvi sina."

"Unataka kuniambia lolote jingine?"

"Nina ombi. Mie nifungeni, uchunguzi ufanyike. Ila wenzangu muwaache waingie mkutanoni wakaseme. Bwana Samaki akiondoka leo bila kutusikia, harudi tena. Ataandika kwamba watu wa mshipi hawakuwa na neno."

Elinipendo alitoka mpaka barazani alikosimama Abdalah.

"Mkutano wa leo ni wa nani?"

"Wa wananchi wote, afande."

"Wavuvi wa mshipi ni wananchi?"

Abdalah akaangalia ncha za viatu vyake.

"Hakuna aliyehukumiwa hapa. Waambie waje."

*

Nyumba ya Bi Mwanajuma, mkaanga samaki, ilikuwa hatua chache kutoka dikoni. Karai lake lilikuwa limefunikwa kifudifudi uani, na mafuta yote yamemwagwa kwenye shimo la taka. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, sauti imemkauka kwa kupiga kelele.

"Shikamoo, Bi Mwanajuma."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo sina hata cha kukukaribishia."

"Wewe ndiye uliyewazuia watu wasile?"

"Ndiye mie. Asubuhi waliniletea ndoo imejaa perege wa kuokota. Nikasema ni wa utupa hawa, si neno, tumekula samaki wa utupa tangu utotoni na hatujafa. Nikatumbua, utumbo nikawatupia bata. Wallahi, karai halijapata moto bata wameanza kuzunguka kama vipofu. Wakaanguka mmoja mmoja, povu mdomoni. Nikasema huu si utupa. Nikatoka mbio kichwa wazi, nyumba kwa nyumba. Wengine walishaanza kupika. Nimepindua vyungu vya watu, mwanangu. Kuna walionitukana."

"Kuna aliyekula?"

"Hata mmoja, alhamdulillahi."

Elinipendo alichuchumaa mbele yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini aliushika mkono wa yule mama kwa mikono yake yote miwili.

"Bi Mwanajuma, Mungu akubariki. Ningekuja hapa leo kuhesabu maiti."

"Ni Mungu tu," alisema Mwanajuma, na machozi yakamlengalenga kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Na bata wangu, masikini."

"Jana jioni Huseni alikuwa hapa?"

"Hapahapa, na wenzake. Niliwapikia uji. Alikuwa anafundishwa kusema polepole, maana akipandwa na hasira huongea kama cherehani."

*

Silvesta, mzaliwa wa Ukerewe, ndiye aliyeshika kafi. Walizunguka ziwa taratibu, wakilipa diko mgongo. Elinipendo alitazama kingo. Upande wa diko samaki walikuwa wengi, lakini kaa walikuwa hai, wakikimbilia mashimoni. Kadiri walivyokaribia mlizamu, pale kijito kinapoingilia ziwani, samaki walipungua na mambo mengine yakazidi. Kaa walikuwa wamekauka nje ya mashimo yao. Vyura walielea miguu imenyooka.

"Samaki wote wako dikoni, na huku ndiko kila kitu kimekufa," alisema Silvesta. "Upepo umewahamisha."

"Ndiyo. Aliyemwaga alimwagia hapa, upepo ukapeleka ushahidi mlangoni kwa Huseni. Unasikia harufu?"

Silvesta alivuta pumzi, akakunja uso. "Kama shamba la pamba lililopigwa dawa."

Elinipendo alichota maji kwenye chupa ya soda, akaiziba kwa kizibo na kuifungia kwa plasta kwa ajili ya mkemia wa Serikali. Silvesta alichokonoa tope kwa upondo, hatua kwa hatua, mpaka upondo ukagonga kitu kilicholia kama bati. Walikiopoa kwa ndoano ya kamba. Lilikuwa kopo la dawa ya wadudu. Karatasi yake ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, lakini kwenye kifuniko palikuwa na doa la rangi nyekundu, mviringo, lililopigwa kwa brashi.

"Alama ya duka," alisema Silvesta. "Kibiti kila mwenye duka ana alama yake, asije akarudishiwa mali ya mwenzake. Nyekundu ni ya Jivanji."

"Ambaye watu wanasema anataka ziwa likodishwe kuliko mwekezaji mwenyewe."

"Ndivyo wanavyosema, afande."

"Mtu yeyote asijue tumefika hapa mlizamuni. Hata mtendaji."

*

Zamani dawa za mashamba zilitoka kwenye chama cha ushirika, kwa foleni. Siku hizi biashara ilikuwa huria, na duka la Pankaj Jivanji lililopo barabarani Kibiti liliuza kila kitu, ndoana na vitenge, misumari na betri, na nyuma kabisa, mbali na unga, makopo ya dawa. Kila kifuniko kilikuwa na doa jekundu.

Pankaj alipoliona kopo mikononi mwa polisi, rangi ilimtoka.

"Nilijua," alisema. "Ziwa limekufa, na watu watasema ni Muhindi."

"Mie sijasema hivyo, Bwana Pankaj. Nauliza. Ulimwuzia nani?"

"Utaniamini?"

"Sema kwanza."

Pankaj alifuta mikono kwenye shati. "Afande, mimi mwekezaji simpendi. Akichukua ziwa, samaki watapanda gari la barafu moja kwa moja Dar. Ndoana nitamwuzia nani? Mimi na watu wa mshipi tunaishi pamoja. Perege wao hajachubuka na nyavu, akikaushwa anapendeza. Hata maoni yangu nilitaka kupeleka leo, mke wangu akanizuia. Akasema, kaa kimya, usije ukaonekana unajipendekeza."

"Kopo, Bwana Pankaj."

"Msimu huu dawa ya pamba hainunuliwi. Watu wanataka salfa ya mikorosho. Aliyenunua hii ni mmoja tu, ndiyo maana namkumbuka. Muhidini, wakala. Nikamwuliza, ya nini? Akasema shemeji yake kalima pamba Mtawanya."

"Mie nilikuwa Mtawanya juzijuzi kwa kesi ya ng'ombe," alisema Silvesta. "Ni mihogo na mikorosho mitupu. Pamba waliiacha."

Elinipendo aliligeuza kopo mkononi. Neno la muuza duka dhidi ya neno la wakala lisingetosha mahakamani, hasa ikiwa kila mtu alikwisha kumdhania muuza duka.

"Utakuja kulisema hilo mbele ya watu?"

Pankaj alilitazama duka lake, akatazama barabara. "Purvi!" alimwita binti yake. "Kaa dukani." Akachukua kofia yake msumarini. "Umeniuliza kabla ya kunishika, afande. Ahsante. Twende."

*

Mkutano ulifanyika kwenye ghala tupu la ushirika. Wavuvi wa mshipi walikaa upande mmoja, wamekaribiana, hakuna aliyetaka kukaa karibu nao. Huseni alikuwa kati ya mgambo wawili. Deusdedit, Bwana Samaki wa wilaya, mtu mrefu wa kutoka Bukoba, alisimama mezani na kusema kwa upole kwamba amekuja kusikiliza, si kuamua, na kwamba msiba uliolipata ziwa ulimhuzunisha kama msiba wa mtu.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Muhidini. Alikuwa amevaa shati jeupe, na kiganja chake cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa.

Elinipendo alisimama mlangoni, Pankaj nyuma yake gizani. Hakumzuia.

"Ndugu Bwana Samaki," alianza Muhidini, "tulitaka kujadiliana kistaarabu kama ziwa likodishwe. Wenzetu wamejibu kwa sumu. Mtu anayekwenda pale mlizamuni kumwaga sumu mahali samaki wanapozalia, mtu huyo ataaminiwa vipi kulitunza ziwa? Mimi maoni yangu ni kwamba likabidhiwe mwenye uwezo wa kulilinda."

Wachache walipiga makofi. Elinipendo alikuja mbele.

"Bwana Samaki, naomba ruhusa ya kumwuliza msemaji jambo moja."

"Ruhusa, afande."

"Bwana Muhidini, samaki umewaona wapi asubuhi?"

"Dikoni. Kila mtu kawaona."

"Na gunia?"

"Dikoni."

"Mlizamuni umefika leo?"

"Sijafika. Nifuate nini?"

"Basi nani amekwambia sumu imemwagwa mlizamuni?"

Muhidini alimtazama Abdalah.

"Mtendaji alisema."

"Mie?" Abdalah aliruka kutoka kitini. "Mie sijui hata ilikomwagwa! Nilidhani ni palepale dikoni!"

"Watu... watu wanasema."

"Watu hawajui," alisema Elinipendo. "Tunajua mie na konstebo wangu, kwa sababu tulikuta kaa wamekufa huko na kopo limezama topeni. Wa tatu ni aliyelizamisha." Aliliweka kopo mezani. "Bwana Pankaj, njoo."

Pankaj alitoka gizani. Minong'ono ilipanda, na mtu mmoja akasema kwa sauti, "Si tulisema!" Lakini Pankaj hakutazama pembeni. Alisema yale aliyoyasema dukani, neno kwa neno, hata ya shemeji na pamba ya Mtawanya.

"Kila mtu hununua kwa Jivanji," alisema Muhidini. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Fungua kitambaa mkononi."

"Nimejikata."

"Fungua."

Alikifungua. Kiganja kilikuwa kimebabuka, ngozi imevimba na kung'aa kwa malengelenge, kutoka kwenye vidole mpaka kwenye kifundo cha mkono. Hakukuwa na mkato wowote.

Muhidini alikitazama kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Alipoinua kichwa hakumtazama sajenti, alimtazama Huseni.

"Nilidhani watakufa samaki wachache," alisema. "Waelee, watu wa mshipi mlaumiwe, mkutano uishe. Nilidhani ni kama utupa tu. Asubuhi nilipoona ndege wanaanguka..." Alimgeukia sajenti. "Afande, kuna mtu amekula? Niambie kweli. Wanangu nimewafungia ndani tangu alfajiri wasile, nikaogopa kuwaambia watu wengine. Kuna mtu amekufa?"

Hapo ndipo zogo lilipoanza. Wanaume wa mshipi walisimama wote kwa pamoja. Silvesta alijisogeza akasimama kati yao na Muhidini.

"Hakuna," alisema Elinipendo, akipaza sauti ili wote wasikie. "Hakuna aliyekufa. Na sababu ya kutokufa mtu imekaa pale kwenye mkeka." Alimwonyesha Mwanajuma.

Muhidini alipiga magoti chini, kwenye vumbi la ghala, akakiinamisha kichwa kuelekea kwa yule mama. "Ahsante," alisema. "Ahsante, mama. Ahsante." Aliendelea kulirudia mpaka Mwanajuma akageuza uso ukutani, akijifuta kwa upindo wa kanga.

"Nyanyuka," alisema. "Mie nilipiga kelele kuwaokoa watoto wa watu. Sikujua nakuokoa na wewe."

Elinipendo alimpa Muhidini onyo la kisheria, akamwambia ana haki ya kunyamaza, akamkabidhi kwa Silvesta. Kisha akawageukia mgambo waliomzunguka Huseni.

"Huyu ni huru."

Abdalah alikwenda mwenyewe kumsogezea Huseni kiti mbele. Alitoa neno moja tu, "Samahani," na Huseni akaitikia kwa kichwa.

Bwana Samaki alisafisha koo. "Nilikuwa nafikiria kuahirisha. Lakini nadhani mmengoja vya kutosha. Watu wa mshipi wana maoni?"

Huseni alisimama. Aliwaendea wenzake kwanza, wakanong'onezana, kisha akarudi mbele. Alikuwa na alama za kamba mkononi bado.

"Nina shukrani kwanza," alisema, polepole. "Namshukuru Mungu. Namshukuru Bi Mwanajuma, maana bila yeye leo tungekuwa makaburini. Namshukuru Pankaj, aliyeacha duka lake kwa ajili yetu akijua atasemwa. Namshukuru afande, kwa sababu aliwafungulia mlango wenzangu wakati mie bado nimeshikiliwa." Alivuta pumzi. "Maoni yetu ni haya. Jana tulipanga kuomba tuachiwe tuvue. Leo tumeyabadilisha tukiwa tumekaa hapa. Tunaomba ziwa lipumzike. Asivue mtu, sisi wala mwekezaji, mpaka mto ufurike uingize maji mapya na samaki wapya. Tutalima mpunga. Maji yakirudi, mlizamu uachwe kabisa, asitie mtu hata ndoana, maana ndiko samaki wanakozalia. Kwingine tuvue kwa mshipi. Na mwekezaji akitaka samaki aje, tutamwuzia. Ziwa lenyewe tunaomba libaki la kijiji."

"Nani anakubaliana naye?" aliuliza Deusdedit.

Mikono ilinyooka upande wa mshipi. Ikanyooka upande wa pili, kwa wale waliokaa mbali nao. Ikanyooka kwa wanawake nyuma, Mwanajuma wa kwanza, na Pankaj, ambaye hakuwa mkazi, alinyoosha wake kisha akaushusha kwa haya, watu wakacheka na kumwambia aurudishe.

"Nilikuja kuuliza kama mnakodisha," alisema Bwana Samaki. "Mmeniambia pia mtalitunza vipi. Siwaahidi uamuzi, uamuzi si wangu. Nawaahidi kwamba maneno haya yatafika Utete kama yalivyosemwa, na nitayasimamia. Nashukuru sana. Nimehudhuria mikutano mingi ya namna hii, sijapata kupewa kitu kama hiki."

*

Jua lilikuwa bado juu walipompeleka Muhidini kwenye Landrova. Elinipendo alimshika bega kwa nguvu, akihofia mawe ya watu. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za njia, lakini hawakurusha kitu. Mkewe Muhidini alisimama kando, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, hakuna aliyemsogelea.

Huseni aliwapita wote, akaja mpaka mlangoni mwa gari. Silvesta alitaka kumzuia, Elinipendo akatikisa kichwa.

"Muhidini."

Muhidini hakuinua uso.

"Umenifanyia vibaya. Hilo utalijibu mahakamani, na mie nitakuja kusema ukweli wote, sitapunguza. Lakini mkeo na wanao wasikutie wasiwasi. Kuanzia leo wanakula kwangu."

Nyuma yao mke wa Huseni alikuwa tayari amempokea yule mwanamke mtoto wa mgongoni, na walikuwa wanaondoka pamoja, taratibu, kuelekea nyumbani.